Mhandisi Akiwa na Shaka, Nani Athibitishe?

Mwaka 1878, daraja la Brooklyn likiwa bado linajengwa jijini New York, iligundulika kwamba muuza waya, J. Lloyd Haigh, alikuwa akiwachezea wajenzi. Mchezo wenyewe haukuhitaji akili nyingi. Wakaguzi walipima waya kiwandani kwake, wakauridhia, ukapakiwa kwenye mkokoteni kuelekea darajani. Njiani mkokoteni ulipitia kwanza kwenye jengo jingine. Huko waya mzuri ulishushwa, ukapakiwa ule uliokwisha kukataliwa, na ule mzuri ukarudi kiwandani kupimwa tena na kupita tena. Hadi hila inafichuka, waya mbovu mwingi ulikuwa umeshalazwa ndani ya kamba kuu za daraja, bega kwa bega na ule mzuri, na hapakuwa na namna ya kuuchomoa.

Mhandisi mkuu, Washington Roebling, wakati huo alikuwa mgonjwa wa kukaa ndani, maradhi aliyoyapata kwa kushuka kwenye vyumba vya hewa iliyoshindiliwa walimokuwa wakichimba misingi chini ya mto. Alipiga hesabu. Kamba zilisanifiwa ziwe na nguvu mara sita ya mzigo wake. Hata ukiuhesabu waya wa Haigh kwa ubovu wake, ilibaki akiba ya mara nne au tano hivi. Akaamua waya mbovu ubaki palepale, Haigh aongeze waya mzuri kwa gharama yake, kazi iendelee. Daraja lilifunguliwa Mei 1883. Magari yanapita hadi leo, na waya wa wizi bado umo ndani.

Wanaosimulia kisa hiki husifu ile mara sita, na inastahili sifa. Lakini linalonivutia mimi ni lingine. Roebling hakujua waya mbovu ulikuwa kiasi gani hasa. Alikadiria kwa kuegemea upande mbaya, akatazama kilichobaki, akaamua. Angesubiri kujua kwa hakika, daraja lisingekwisha. Na angepuuza kwa kuwa kamba zilionekana nzima, leo tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine kabisa.

Mtaani kwetu mhandisi husifiwa kama mtu wa hakika. Mtoto akifaulu hisabati na fizikia, wazee wanasema huyu atakuwa injinia, kana kwamba kazi yenyewe ni kukaa na fomula hadi jibu litoke. Hesabu zipo, na asiyeziweza asiguse nguzo ya mtu. Ila hesabu ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ni kuamua jambo ambalo hesabu haijalimaliza, huku tarehe ya kukabidhi imefika. Mwanasayansi anaweza kusema "bado hatujui" akarudi maabara, na hakuna atakayemlaumu. Mhandisi akisema hivyo, kuna watu wamesimama ng'ambo ya mto wanasubiri kuvuka.

Ichukue ile mara sita yenyewe. Haikutoka kwenye sheria yoyote ya maumbile. Ni namba ya makubaliano, na makubaliano hubadilika kufuatana na kazi. Ndege ya abiria husanifiwa ibebe mara moja na nusu tu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani, ilhali kamba za lifti hufika mara kumi na zaidi. Anayelisikia hili kwa mara ya kwanza hushtuka, maana angetarajia kinyume chake. Lakini ndege uliyoiongezea chuma cha mara kumi haiondoki chini. Kwa hiyo kile kilichokosekana kwenye unene kinalipwa kwa ukaguzi: kila sehemu ina kumbukumbu zake, inafunguliwa na kutazamwa kwa ratiba, na nyingine hutolewa zikiwa bado nzima kwa sababu tu saa zake zimekwisha. Lifti ya jengo la kupangisha, sote tunaijua, inaweza kukaa muda mrefu bila fundi kuitupia jicho. Akiba yake inabidi iwe ndani ya kamba.

Kumbe ile akiba ni bei ya kutojua. Unachokijua vizuri unakiwekea akiba ndogo, usichokijua unakiwekea kubwa. Na ukishaielewa hivyo, swali linalofuata linakuwa la kimaadili kuliko la kihesabu: akiba hiyo ni ya nani, nani ana ruhusa ya kuila, na likizuka shaka, ni nani wa kuthibitisha? Mahakamani mshtakiwa hana hatia hadi upande wa mashtaka uthibitishe. Kwa mhandisi mambo yamegeuzwa. Daraja, boila, ndege, vyote vina hatia hadi vithibitishwe kuwa salama, na anayetaka vitumike ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Naamini mpangilio huu ndio uti wa mgongo wa fikra za kihandisi, na ukigeuzwa, hata kwa nusu saa, fizikia iliyobaki haisaidii kitu.

Nusu saa hiyo tunayo mfano wake, na waliokuwemo wameueleza kwa kirefu.

Jioni ya tarehe 27 Januari 1986, watu wa sehemu tatu za Marekani waliunganishwa kwa simu: Utah, kilipokuwa kiwanda cha Morton Thiokol kilichotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga Challenger, kituo cha Marshall cha NASA, shirika la anga la Marekani, kule Alabama, na Florida, chombo chenyewe kilipokuwa kimesimama tayari kuruka kesho yake asubuhi. Utabiri ulisema usiku huo kutakuwa na baridi kali, chini kabisa ya kiwango cha maji kuganda.

Roketi hizo hazikuwa bomba moja. Ziliundwa kwa vipande, na kila maungio yalizibwa kwa pete mbili za mpira, zenye unene wa milimita 7 hivi, zikizunguka bomba lenye kipenyo cha karibu mita 3.7. Roketi ikiwashwa, msukumo wa ndani unayapanua maungio kidogo, na pete inatakiwa ijitanue na kuziba mwanya huo papo hapo, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mpira wa baridi hukakamaa. Ukikakamaa, unachelewa. Ukichelewa, gesi ya moto inapita.

Mhandisi Roger Boisjoly wa Thiokol alikuwa na hofu na pete hizo kwa muda wa mwaka mzima. Januari 1985 chombo kingine kiliruka kukiwa na baridi, pete zikiwa na joto la nyuzi 12 hivi za Selsiasi, na roketi zilipookotwa baharini na kufunguliwa, kati ya pete ya kwanza na ya pili palikutwa masizi meusi. Yaani pete ya kwanza ilishindwa, gesi ikapita, ya pili ndiyo iliyookoa. Julai mwaka huo Boisjoly aliwaandikia wakubwa wake kwamba tatizo hili lisiposhughulikiwa, litakuja kuua watu.

Jioni ile, basi, wahandisi wa Thiokol walitoa pendekezo lao: msiruke chini ya nyuzi 12. Lisome vizuri. Hawakusema pete itashindwa kwenye nyuzi 2 wala kutaja ni joto gani litakaloikatisha. Walisema kwamba nyuzi 12 ndipo uzoefu wetu unapoishia, na hata hapo tulikutana na masizi. Huko chini zaidi hatuna kitu cha kushika. Hilo ni jibu kamili la kihandisi. Linataja ukomo wa linalojulikana na kukataa kwenda mbele yake na watu saba ndani.

Upande wa NASA haukulipokea hivyo. George Hardy alisema pendekezo hilo limemshangaza vibaya, ingawa aliongeza kuwa hatarusha kinyume na ushauri wa mkandarasi. Larry Mulloy aliuliza kama Thiokol wanataka asubiri hadi Aprili. Thiokol wakaomba dakika tano wajadiliane wenyewe, simu ikazimwa upande wao, na zile dakika tano zikawa karibu nusu saa. Boisjoly na mwenzake Arnie Thompson walisimama mbele ya wakubwa, mmoja akichora maungio, mwingine akionyesha picha za masizi, mpaka walipoona hakuna anayewatazama tena, wakakaa. Kisha Jerald Mason, bosi wa juu mle chumbani, akamgeukia Bob Lund, mkuu wa uhandisi, akamwambia avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi. Mameneja wanne wakapiga kura, wahandisi wakitazama. Simu ilipofunguliwa, jibu lilikuwa "rukeni".

Baadaye Boisjoly alieleza mbele ya tume ya uchunguzi kilichombadilikia chini ya miguu usiku ule. Siku zote, kwenye vikao vya namna hiyo, mkandarasi alibanwa athibitishe kwamba chombo kiko tayari. Usiku ule alitakiwa athibitishe, bila shaka yoyote kubaki, kwamba hakiko tayari. Ushahidi haukubadilika hata kidogo, pete zilikuwa zilezile. Kilichohama ni jukumu la kuthibitisha, na neno "hatujui" likahama nalo. Katika mpangilio wa kwanza "hatujui" inatosha kusimamisha kazi. Katika mpangilio wa pili inatosha kuiruhusu.

Chombo kiliruka tarehe 28 saa tano na dakika 38 asubuhi, kukiwa na nyuzi 2 hivi. Sekunde 73 baadaye kilisambaratika, wakafa wote saba, akiwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Sipendi kuisimulia habari hii kama hekaya ya wahandisi malaika na mameneja mashetani. Kwanza Mason na Lund wenyewe walikuwa wahandisi. Pili, wale wahandisi waliokuwa na haki nao waliteleza mahali, na kuteleza kwao kunafundisha kuliko ushujaa wao. Hoja iliyowabana ilikuwa hii: pete zimeonyesha madhara kwenye nyuzi 12, sawa, lakini zimeonyesha madhara pia kwenye nyuzi 24, sasa baridi inahusikaje? Walikuwa wakitazama safari zilizoleta matatizo peke yake. Ukitazama hizo tu, kweli huoni mpangilio. Tume iliyoongozwa na William Rogers ilipoziweka safari zote mezani, pamoja na zile zilizorudi bila doa, picha ilijichora yenyewe: katika safari 20 zilizofanyika kwenye nyuzi 19 au zaidi, 3 tu zilikuwa na madhara kwenye pete, katika safari 4 zilizofanyika kwenye baridi zaidi ya hapo, zote 4 zilikuwa nayo. Takwimu hizo zilikuwepo jioni ile. Hakuna aliyezikusanya kwa sababu mazungumzo yalikuwa juu ya matatizo, na safari salama haikuonekana kuwa na la kusema.

Kuna jambo jingine lililokuwa limeoza kabla hata ya jioni ile, na aliyelianika ni mwanafizikia Richard Feynman, mjumbe wa tume hiyo. Wengi wanamkumbuka kwa kuchovya kipande cha mpira kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera. Mimi naona alilolisema juu ya akiba lilikuwa zito zaidi. Katika safari fulani, moto uliila pete hadi theluthi ya nusu-kipenyo chake, na majaribio yalikuwa yameonyesha kwamba hadi ishindwe sharti iliwe nusu-kipenyo kizima. Ndani ya NASA hilo likatafsiriwa kwamba pete ina akiba ya mara tatu: imelika theluthi moja ya kinachohitajika ili ishindwe, bado mbili. Feynman aliona huo ni upotofu. Ukisanifu daraja libebe mzigo fulani bila boriti kupasuka, halafu ukapitisha mzigo huohuo na boriti ikapasuka theluthi ya kina chake, huna akiba ya mara tatu. Huna akiba kabisa. Daraja halijaanguka, ni kweli, lakini limefanya jambo ambalo ulisema halitafanya, na maana yake hulielewi tena.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya Roebling na watu wa pete. Akiba ya Roebling nayo ililiwa, tena na mwizi. Ila yeye alijua ni nini kilichoila na kwa njia gani, akakadiria kilichobaki, akarudisha sehemu kwa waya mpya. Pete zilikuwa zikiliwa na kitu ambacho hakuna aliyekuwa na maelezo yake, safari hii kidogo, safari ile zaidi, nyingine haikuguswa, na kila chombo kiliporudi salama, kile kilichokuwa hitilafu kikaandikwa kama jambo la kawaida lililo ndani ya mipaka. Feynman alikuta pia wahandisi wa kawaida wakikadiria hatari ya kupoteza chombo kuwa kama 1 kwa 100, na uongozi ukisema 1 kwa 100,000. Hiyo ya pili maana yake urushe chombo kila siku kwa karibu miaka 300 na upoteze kimoja.

Msomaji mkali atanikatiza hapa: kama kila kitu kina hatia hadi kithibitishwe kuwa salama, si tungekuwa tunavuka kwa mitumbwi hadi leo? Usalama wa asilimia mia haupo. Mhandisi anayeongeza nondo kwa kila shaka linalompita kichwani naye anaua, ila kwa njia isiyoonekana, kwa kula fedha za daraja la pili ambalo halitajengwa, na wanakijiji wa upande huo wataendelea kuzama.

Hoja hiyo naikubali nusu. Kuthibitisha hakumaanishi kumaliza shaka lote. Kunamaanisha kulifunga dai lako kwenye kitu kilichopimwa, na kuwa mkweli juu ya mahali kipimo kinapoishia. Ugumu ni kwamba mipaka hii haijachorewa mstari mwekundu. Mtu huvuka polepole, na kila hatua inaonekana kama ya jana.

Madaraja ya kuning'inia ya Marekani yalikwenda hivyo. Miaka ya 1930 yalizidi kuwa marefu na membamba, na kila lililosimama lilitoa ruhusa kwa lililofuata kuwa jembamba zaidi. Daraja la Golden Gate, lililofunguliwa 1937, lina kina cha sakafu cha 1 kwa 168 ukilinganisha na urefu wake kati ya minara. Miaka mitatu baadaye likaja la Tacoma Narrows, jimboni Washington: urefu wa mita 853 kati ya minara, kina cha mita 2.4 tu, yaani 1 kwa 350. Palikuwa na mchoro wa awali wenye kina kikubwa zaidi, wa mhandisi wa jimbo Clark Eldridge, lakini mshauri mashuhuri Leon Moisseiff alikuja na huu mwembamba, wa bei nafuu na wa kupendeza macho. Lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940. Lilikuwa likiyumba tangu mafundi wakiwa juu yake, na watu walikuwa wakija na magari kulipanda kwa burudani. Tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, kwenye upepo wa kilomita sitini na kitu kwa saa, lilijisokota hadi likakatika. Aliyekufa ni mbwa mmoja aliyebaki ndani ya gari.

Hesabu za Moisseiff hazikuwa na kosa la kuzidisha wala kugawa. Alikuwa amekokotoa upepo unaosukuma daraja kutoka ubavuni, na kwa upepo wa namna hiyo lilikuwa na akiba tele. Upepo unaoinua na kupinda sakafu nyembamba haukuwa kwenye karatasi. Madaraja ya nyuma yalikuwa mazito kiasi cha kutojali upepo huo, kwa hiyo mafanikio yake hayakuwa ushahidi juu yake. Lakini yalisomwa kama ushahidi. Kitu kilichosimama kinakuambia tu kwamba kilichokipata hadi leo hakikutosha kukiangusha.

Na kuna shaka ambalo halikosi jibu, linakosa mwenyewe. Hoteli ya Hyatt Regency jijini Kansas City ilikuwa na njia za kutembelea zilizoning'inizwa ukumbini, ya ghorofa ya nne juu ya ile ya ghorofa ya pili. Mchoro wa kwanza ulitaka vyuma virefu kutoka darini vipenye njia zote mbili, kila njia ikikaa juu ya nati zake. Kukata hesi, yaani mikato ya kuzungushia nati, kwenye chuma kirefu namna hiyo kulikuwa usumbufu, ikapendekezwa kila chuma kiwe viwili: kimoja kutoka darini hadi njia ya juu, kingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Kwenye karatasi mabadiliko ni ya sentimita chache. Lakini sasa nati za njia ya juu zilibeba njia zote mbili, mzigo umekuwa mara mbili pale pale, na ule muungano hata kwa mchoro wa awali haukufikia kiwango cha sheria. Mchoro uligongwa muhuri wa mhandisi. Kila upande uliamini upande wa pili umekokotoa. Tarehe 17 Julai 1981, kukiwa na watu wengi ukumbini wakicheza dansi, njia zilianguka, wakafa watu 114.

Mwenye shaka naye ana gharama zake. Allan McDonald, mtu wa Thiokol aliyekuwa Florida usiku wa Challenger, alikataa kutia saini ruhusa ya kuruka. Ikatiwa na bosi wake kutoka Utah. Alipoeleza ukweli mbele ya tume, alishushwa cheo kazini, hadi wabunge walipoingilia kati. Mwishowe alipewa kusimamia usanifu mpya wa yale maungio.

Nimekaa sana Marekani kwa sababu huko uchunguzi uliandikwa hadi maneno ya kikao. Lakini hoja yenyewe iko hapa kwetu kila wiki, na haihitaji roketi. Huruma, Nairobi, jengo lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 lilikuwa limeshaamriwa kubomolewa, na watu walikuwa wakiishi humo, maana lilikuwa limesimama na kodi inalipwa. Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoporomoka jengo tarehe 16 Novemba 2024, mjadala ulikimbilia kwenye majina: nani alitoa kibali, nani mwenye jengo, nani akamatwe. Maswali halali. Hayafiki, hata hivyo, kwenye maungio ya jambo, ambayo ni namna uamuzi wa kawaida unavyofanyika siku ya kawaida, wakati hakuna kilichoanguka.

Twende saiti. Zege la nguzo limekorogwa. Mhandisi ameagiza maji kiasi fulani kwa mfuko wa saruji. Zege linatoka zito, vijana wanalalamika halishuki kwenye nondo, mtu anaongeza ndoo ya maji ili lilainike. Limelainika. Pia limepoteza nguvu, ila hilo halionekani kwa macho. Pembeni kuna kyubu za chuma, sentimita 15 kila upande, zimejazwa zege kwa ajili ya maabara. Kama zimejazwa kabla ya ndoo ile, zitapima zege jingine kabisa. Hata zikijazwa baada yake, kyubu italazwa kwenye maji kama mgonjwa wa hospitali ya kulipia, huku nguzo ikipigwa jua la mchana, na kumwagiliwa kwake kunategemea kama kijana amekumbuka. Siku ya 7 kyubu inatakiwa iwe imefikia karibu theluthi mbili ya nguvu yake. Jibu kamili ni la siku ya 28. Ndiyo maana zege limewekewa akiba kwenye kanuni: kila mtu aliyewahi kusimama saiti anajua kuna ndoo.

Siku ya 28 majibu yanakuja, kyubu zimefeli. Juu ya nguzo zile kuna slabu, na juu ya slabu nguzo nyingine, na ghorofa ya pili imeshapigwa mbao. Hapo ndipo utasikia hoja ile ya usiku wa Challenger kwa Kiswahili fasaha: "Injinia, nguzo si hiyo imesimama? Ina ufa? Basi nionyeshe tatizo liko wapi." Na ya pili yake, ya ujanja zaidi: "Kwani mahesabu yenu hayana akiba? Imelika kidogo tu."

Mhandisi hawezi kuonyesha ufa. Anachokuwa nacho ni karatasi ya maabara na ukomo wa anachokijua. Kuna njia za kujua zaidi: kuipiga nguzo kwa nyundo ya kupimia ugumu, ambayo inasema jambo kidogo juu ya ngozi ya zege, kutoboa na kutoa kipande cha ndani kikavunjwe maabara, ambacho kinasema mengi, kurudia hesabu za jengo kwa nguvu iliyopatikana badala ya ile iliyotarajiwa, na ikibidi kuvalisha nguzo zege na nondo mpya kwa nje. Zote zinachukua siku na fedha, na wakati wa siku hizo kazi ya juu lazima isimame na mirunda irudishwe chini ya slabu.

Ubishi wote unageuka kuwa wa nani alipe. Akilipa mwenye jengo, atauliza kwa nini alipe kutafuta ubovu ambao huenda haupo, na mhandisi atakuwa ameshawekwa upande wa mashtaka. Kwa hiyo ningependa jambo hili liandikwe kwenye mkataba kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa: zege la juu halimwagwi kabla ya majibu ya siku ya 7 ya zege la chini, na kyubu ikifeli, kutoboa nguzo, mirunda na siku za kusimama ni juu ya mkandarasi, hadi yeye aonyeshe kwamba nguzo inafaa. Mkandarasi atapandisha bei yake kidogo kwa kifungu hicho, na ni haki yake. Kijana mwenye ndoo naye atapata mtu wa kumsimamia.